Ndagu, Zebaki na Mtoto Aliyebaki Nyumbani

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama na kupanda hadi Geita, karibu kila mji mdogo una simulizi yake ya tajiri na mwanawe. Tajiri alianza kama mchimbaji wa kawaida, akabahatika kupata duara, yaani shimo la kuchimbia, lenye mbale nzuri (mawe yenye dhahabu), akajenga, akanunua magari. Nyumbani kwake yuko kijana mkubwa asiyesema, anayepelekwa ua wa nyuma wageni wanapobisha hodi. Majirani hawahitaji daktari wa kuwaeleza. Wanasema baba alikwenda kwa mganga akapewa ndagu, dawa ya utajiri yenye masharti, na sharti lake lilikuwa akili ya mtoto. Kadiri kijana anavyozidi kuzubaa ndivyo mali inavyozidi kuingia. Siku akipona, mali itayeyuka.

Simulizi hii ni ya uongo, na uongo wake unaumiza. Unamgeuza mtoto kuwa ushahidi wa hatia ya baba yake, na ushahidi wa hatia hufichwa. Hata hivyo sitaipita kwa dharau. Katika maelezo mengi ambayo watu wa nchi mbalimbali wamewahi kuyatoa kuhusu ulemavu wa akili, sijaona jingine linaloweka dhahabu na akili ya mtoto kwenye mizani moja namna hii. Imani ya ndagu imemkosea mtu inayemtuhumu, lakini kuhusu bei ya dhahabu imeona jambo.

Mawe yakitoka duarani hupondwa, yakasagwa kwenye karasha, na unga wake ukaoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu. Ili kuzikamatisha chembe ndogo za dhahabu, mchimbaji humimina zebaki kwenye beseni, akachanganya kwa mikono mitupu, akakamua kwa kitambaa, kisha akalichoma donge lililobaki hadi zebaki igeuke mvuke na dhahabu ibaki peke yake. Uchomaji huo hufanyika mahali penye watu, na mara nyingine kwenye jiko lilelile litakalopikiwa ugali jioni. Asilimia 80 hivi ya mvuke unaovutwa kwa pumzi hubaki mwilini. Kutoka kwenye mapafu huingia kwenye damu, na kwa mama mjamzito hulipita kondo la nyuma na kuufikia ubongo unaoanza kuumbika. Kijiji cha Rwamagasa mkoani Geita kilikuwa miongoni mwa vituo vya mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto wa Geita, Shinyanga na Mbeya wanaoingia maduarani na kuishika zebaki kwa viganja.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Hakuna anayeweza kumshika mkono mtoto mmoja wa Nyarugusu, mkoani Geita, akasema kwa hakika kwamba huyu ameharibiwa na zebaki. Ulemavu wa akili, ambao hukadiriwa kumgusa mtu 1 hivi kati ya 100 duniani, una milango mingi ya kuingilia. Yuko mtoto aliyezaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu, akachelewa kulia kwa sababu hewa haikuufikia ubongo. Yuko aliyepata manjano makali akiwa mchanga, na yuko aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Yuko ambaye mama yake alikosa madini joto kwenye chumvi alipokuwa mjamzito. Yuko aliyezaliwa na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21, hali ambayo Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake waliieleza mwaka 1959 na ambayo haisababishwi na kosa la mzazi yeyote. Kwa wengi chanzo hakijulikani kabisa. Lakini Geita na Shinyanga ni mikoa yenye malaria nyingi, na mama anayeishi kwenye kambi ya wachimbaji iliyoota porini baada ya habari za dhahabu kusambaa yuko mbali na mkunga mwenye mafunzo. Kwa hiyo hata pale ambapo zebaki haina hatia, maisha ya machimboni yanaweza kuwa nayo.

Niseme pia kwamba ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Anayeugua akili anaweza kuwa amesoma hadi chuo kikuu kisha akaugua, akatibiwa, akarudi kazini. Mwenye ulemavu wa akili alianza hivyo utotoni: anachelewa kuelewa, kukumbuka, kuhesabu, kujihudumia, na hatapona kwa vidonge, lakini atajifunza. Mtindio wa ubongo nao ni jambo jingine. Wapo watoto wenye mtindio ambao ulimi na mikono haviwatii, ilhali akili zao ni kali kuliko za wanaowacheka.

Sasa tuvuke bahari. Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga taka zenye zebaki kwenye ghuba kwa miaka mingi. Samaki wakala, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mwanzoni majirani waliziogopa familia za wagonjwa kana kwamba ni tauni. Madaktari wa wakati huo waliamini kondo la nyuma linamkinga mtoto. Haikuwa hivyo. Mwaka 1962 ilithibitishwa kwamba watoto waliozaliwa na ulemavu mzito, na mama zao wakiwa na dalili chache tu, walilishwa sumu tumboni. Zebaki ya Minamata ilikuwa ya aina nyingine, iliyopitia kwenye samaki, na ilikuwa kali kuliko huu mvuke wa mwaloni. Sidai kwamba Geita ni Minamata. Ninachokilinganisha ni namna watu walivyoyapokea yaliyowapata.

Mama mmoja wa Minamata, ambaye binti yake hakuwahi kusema wala kutembea, alikuwa akimwita mtoto wa thamani, hazina ya nyumba. Sababu yake ilikuwa hii: binti ndiye aliyeinyonya sumu yote iliyokuwa mwilini mwa mama, ndiyo maana mama alibaki mzima na wadogo zake wakazaliwa salama. Mtoto aliwabebea wengine mzigo, na familia ina deni kwake. Waulize sasa majirani wa tajiri wa Kahama. Nao wanasema mtoto amebeba mzigo ili wengine wapate. Mantiki ni ileile moja, ila kwa Minamata imezaa shukrani na kwetu imezaa aibu. Huko mtoto alibebwa hadi mbele ya waandishi wa habari na mahakama ili dunia imwone. Huku anafungiwa.

Wajapani wana desturi ya zamani inayomwona mtu wa namna hii kama mleta heri. Huko Sendai, mwishoni mwa karne ya 19, aliishi mwanamume aliyeitwa Shirō, mwenye ulemavu wa akili na maneno machache sana. Watu waligundua, au walijiaminisha, kwamba duka alilopenda kuingia lilipata wateja. Wenye maduka wakamkaribisha, wakamlisha, na baada ya kufa kwake picha yake ikawa hirizi ya biashara. Mpaka leo inatundikwa madukani. Ndagu inasema utajiri hula akili ya mtoto. Sendai walisema asiye na akili ya vitabu huleta utajiri.

Msomaji wa Shinyanga anaweza kutamani tubadilishane imani na watu wa Sendai. Mimi nasita, na sababu tunaijua kwa uchungu. Watu wenye ualbino nao walisemwa kuwa na bahati ndani ya miili yao, na wachimbaji na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliouziwa uongo huo na waganga. Umoja wa Mataifa umehesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini kwetu tangu mwaka 2000, wengi wao kwenye mikoa hii ya Kanda ya Ziwa. Watoto waliokimbizwa kutoka vijijini walijazana kwenye Shule ya Buhangija mjini Shinyanga. Bahati ya Shirō ilimhitaji akiwa hai, akitembea kwa hiari yake. Bahati iliyosemwa juu ya watu wenye ualbino ilihitaji mapanga. Mtoto akipewa thamani kwa sababu ya kile anachowaletea wengine, usalama wake unategemea bei ya siku hiyo. Hata shukrani ya yule mama wa Minamata, pamoja na heshima yote ninayompa, inamlipa binti kwa kazi ambayo hakuichagua.

Mila nyingi zimeanza na swali la nani amesababisha. Kwa Wasukuma, mfumu, yaani mpiga ramli, husoma alama ndani ya kuku ili kujua kama shari imetoka kwa masamva (mizimu ya wahenga) wanaodai haki yao au kwa mchawi, na kama imepitia upande wa baba au wa mama. Wasongye wa Kasai, huko Kongo, kwa mujibu wa mtafiti Patrick Devlieger, huwapanga watoto waliozaliwa tofauti kwenye mafungu, na ulemavu huwafanya waulize uhusiano gani umeharibika: na mizimu, kwenye mahari, au baina ya ndugu. Ulaya nayo haikuwa mbali. Martin Luther, katika mazungumzo yaliyonakiliwa na wanafunzi wake, alisimulia kuhusu mtoto wa Dessau aliyekuwa akila tu bila kusema, akashauri azamishwe mtoni kwa kuwa aliona hapo hapana roho, ni nyama tu. Wenye mji hawakumtii. Naitaja habari hii kwa sababu wapo wanaodhani kwamba giza juu ya watoto hawa ni la Afrika peke yake.

Swali la nani si la kipuuzi. Wasongye na Wasukuma hulitumia kuwakutanisha ndugu waliogombana, na familia iliyopatana humlea mtoto vizuri kuliko familia yenye kinyongo. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi jibu humwangukia mama, na kwamba swali likishajibiwa watu hurudi nyumbani kana kwamba kazi imekwisha. Mtoto yuko palepale mkekani.

Swali la nini limesababisha limezaa matunda makubwa zaidi, na hapa sina uvumilivu kwa wanaosema sayansi ni imani kama nyingine. Kwenye mabonde ya milima ya Alps, kwa karne nyingi, walizaliwa watoto wengi wafupi, viziwi, wenye ulemavu mzito wa akili. Wasafiri waliwaandikia visa, wengine wakawaita walaaniwa, wengine watakatifu. Mwaka 1922 Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi, jimbo la Appenzell Ausserrhoden likitangulia. Ndani ya miaka michache watoto wa namna ile wakawa hawazaliwi tena. Tanzania nayo ilianza kudai chumvi yenye madini joto katika miaka ya 1990, na ile pakiti ndogo ya chumvi unayoinunua Masumbwe au Tinde imeokoa akili nyingi kimyakimya.

Pwani yetu ina mfano mwingine. Bagamoyo, watafiti wa miaka ya 1990 walikuta watu wakieleza kwamba degedege huletwa na pepo anayejigeuza ndege na kuangusha kivuli chake juu ya mtoto usiku wa mbalamwezi. Wengi waliamini pia kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo alianzia kwenye kufukizwa. Lakini degedege la homa kali linaweza kuwa malaria iliyofika kwenye ubongo, na kila saa ina hesabu yake. Huko Mulago, Kampala, watafiti waliowafuatilia watoto walionusurika malaria ya ubongo walikuta kwamba miaka miwili baadaye takriban mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu wa akili unaopimika. Mzazi hamuoni mtoto huyo kama mlemavu. Anaona amepona, anashukuru Mungu. Miaka inapita, kisha mwalimu wa darasa la kwanza analalamika kwamba hashiki herufi.

Hapo ndipo shule inapoingia. Usukuma wa ng'ombe na pamba ulikuwa na darasa lake. Mvulana aliyechelewa kuelewa alikwenda kuchunga pamoja na wenzake, akarudia jambo lilelile kila siku, akasahihishwa na wakubwa, na baada ya miaka alimjua kila ng'ombe kwa rangi ya ngozi yake. Msichana alitwanga, alichota maji, alipalilia. Wenye ulemavu mdogo, ambao ndio wengi, hawakuonekana sana kwa sababu kazi ile haikuwaomba kusoma. Mwaka 1969 kamati ya rais wa Marekani ilieleza jambo linalofanana kuhusu watoto wa mitaa maskini ya miji: walihesabiwa kuwa na ulemavu wa akili kwa saa 6 za shule, kisha wakirudi mtaani wanaishi kama wengine. Sisemi kwamba malisho yalikuwa peponi. Yule mwenye ulemavu mzito alifungwa kamba zamani kama anavyofungwa leo. Lakini machimbo yameyaondoa malisho bila kuleta kitu kingine badala yake. Familia inahama kila dhahabu inapovumishwa kwingine. Bibi aliyemjua mtoto amebaki kijijini. Mama anashinda mwaloni, na mlango umefungwa kwa nje.

Zipo pia mila zisizoanza na swali la chanzo. Wamasai wa Kenya, kama alivyoandika mwanaanthropolojia Aud Talle mwaka 1995, humlea mtoto mwenye ulemavu pamoja na wengine, humtafutia mke au mume, na huona ni makosa kumtenga. Fiqhi ya Kiislamu, iliyofika bara kwa njia ya misafara na inayoishi leo Kahama, Shinyanga mjini na Geita, haimhukumu asiyekamilika akili kwa asichokielewa, na huweka mwangalizi wa mali yake anayewajibika kumlisha, kumvisha na kusema naye kwa upole. Mila hizi mbili nazipenda kwa sababu zimelipunguza swali la chanzo na kuanza na haki: mtoto huyu anadai nini kwetu? Kasoro yake ni kwamba ulinzi si mafunzo. Mtu anaweza kulishwa na kuvishwa kwa upole hadi mvi zimtoke, bila kujua kuhesabu chenji ya sokoni.

Kwamba anaweza kufundishwa si suala la matumaini. Mwaka 1900 Maria Montessori, daktari kijana wa Roma, aliwachukua watoto walioandikwa kuwa hawafundishiki, akatumia vitu vya kushika, kupanga na kugusa, kazi moja ikikatwa vipande vidogo na kurudiwa. Baadhi yao walifaulu mtihani wa watoto wa kawaida. Watu walimshangilia, yeye akajiuliza ni nini kinawazuia wale wa kawaida wasiende mbali zaidi. Shule za chekechea za Montessori tunazozilipia ada leo Tanzania zimejengwa juu ya kazi iliyofanywa na watoto hao. Sisi tumeichukua mbinu na kuwaacha nje watu walioizaa.

Hapa kwetu, watoto wasioona walipata shule ya kwanza Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Viziwi walipata yao Tabora mwaka 1963. Wenye ulemavu wa akili walisubiri hadi mwaka 1982. Tangu hapo nchi imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na kufuta ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Chuo cha Patandi, Arusha, kinatoa walimu wa elimu maalumu. Hayo ni mambo ya kweli na ya kujivunia. Lakini Geita, darasa lenye watoto zaidi ya mia moja si habari ya kushangaza, na mwalimu aliye peke yake mbele ya umati huo hawezi kukata kazi vipande vidogo kwa ajili ya mmoja. Mtoto huyo hukaa nyuma. Huchapwa kwa uzembe ambao si wake. Husukumwa madarasa mawili matatu bila kusoma, hukwama kwenye upimaji wa darasa la nne, huacha. Na akiacha, kazi inayompokea bila cheti wala maswali ni ya mwaloni: kuponda mawe, kubeba maji, kuchanganya zebaki. Msichana wa namna hiyo yuko kwenye hatari nyingine ambayo kila mtu wa machimboni anaijua, na ni nadra aliyemtendea kufikishwa mahakamani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Swali la chanzo ni la mtoto ambaye bado hajazaliwa: kwa ajili yake tudai mkunga, chandarua, chumvi yenye madini joto, na kifaa cha kunasa mvuke wa zebaki kwenye kila mwalo. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na Geita ina soko rasmi la dhahabu tangu Machi 2019, kwa hiyo wauzaji na wanunuzi wanajulikana waliko. Kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa, swali la chanzo limepitwa. Kinachobaki kwake ni kufundishwa.

Wewe unayesoma haya ukiwa Kakola, Katoro, Ushirombo au Nyarugusu: usichomee dhahabu ndani ya nyumba wanamolala watu, na kama kuna mjamzito au mtoto mchanga, zebaki isiingie uani. Mtoto akipata degedege, nenda zahanati kabla ya kwenda kokote. Na kama yuko mwenye miaka saba ambaye hajaandikishwa kwa sababu haongei au anachelewa kuelewa, mpeleke kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu kabla Januari haijafika. Ukiambiwa hapana nafasi yake, muone afisa elimu maalumu au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na uwatajie Sheria Na. 9 ya mwaka 2010.